Mtu Mzima Katika Dawati la Watoto

Kila mwaka, mafundisho ya wakatekumeni watu wazima yafunguliwapo katika parokia zetu, chumba hujaa. Wake kwa waume huja na daftari jipya na kalamu, wengine wamevaa nguo za Jumapili ingawa siku yenyewe ni Jumatano. Katekista huandika majina yao yote, naye hufurahi. Zikiisha wiki sita au saba, katekista yule huita majina yale yale, na mengi hayaitikiwi. Ukiuliza, utaambiwa kwamba huyu amebanwa na kilimo, yule ana mgonjwa, na huyu mwingine zamu zake za kazi zimebadilika. Sababu hizi mara nyingi ni za kweli, nasi hatumwiti mtu mwongo. Lakini wamo wengine ambao hawakuzuiwa na jembe wala na mgonjwa. Walichoka, au tuseme wazi zaidi, waliona haya.

Jambo hili si la wakatekumeni peke yao. Yuko mama aliyeacha shule zamani, akaanza kusoma jioni ili afanye mtihani wa kidato cha nne, naye akaketi nyuma ya binti aliye rika moja na mwanawe. Yuko baba aliyeahidi mbele ya mkewe kuacha pombe, akakaa mwezi mzima bila kuonja, na mwezi wa pili akaona jioni ni ndefu mno. Yuko kijana aliyekwenda kwa fundi cherehani kujifunza kazi, na baada ya kuharibu vitambaa viwili akarudi nyumbani kusema kwamba kazi ile haina faida. Wote hawa walianza vizuri, na nia yao ilikuwa njema. Wiki hii twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu yao, maana hasara ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu aliyeacha mafundisho kwa ajili ya haya aweza kukaa mbali na Meza ya Bwana miaka kumi, hata ishirini. Kila Jumapili huketi karibu na mlango, na wenzake wakiinuka kwenda kukomunika, yeye hutazama chini.

Tumezoea kusema kwamba mtu hushindwa kwa kuwa taabu ilikuwa kubwa. Sisi twaona sivyo ilivyo sikuzote. Taabu kubwa mara nyingi humwamsha mtu. Nyumba ikishika moto, hata mvivu hukimbia na ndoo. Zinazotushinda ni taabu ndogo zisizo na sifa, zile ambazo hakuna mtu atakayetusimulia kwa ajili yake: kusahau leo neno tulilojifunza jana, kusahihishwa mbele ya watoto, kuketi juu ya benchi ambalo magoti hayaenei chini ya meza yake.

Watakatifu wengi wangeweza kutajwa hapa, lakini mmoja afaa kuliko wengine, kwa sababu aliketi katika dawati lile lile. Huyo ni Mt. Inyasi wa Loyola, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 31 Julai. Wengi wamjua kuwa mwanzilishi wa Shirika la Yesu. Wachache wajua kwamba alianza kujifunza sarufi ya Kilatini alipokuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu hivi, katika mji wa Barcelona huko Hispania, pamoja na wavulana wadogo.

Yafaa kwanza tukumbuke alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa mwaka 1491 katika nyumba ya mabwana, akawa mtu wa silaha. Mwezi wa Mei mwaka 1521, vita vya Pamplona vilipopiganwa, risasi ya mzinga ilimvunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili. Mfupa uliungwa vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Ulipopona, kipande cha mfupa kilijitokeza chini ya goti, na mguu ule ukawa mfupi kuliko mwenziwe. Inyasi wakati ule alipenda bado makuu ya dunia, akaona kwamba kipande kile kitamzuia kuvaa viatu virefu vya kubana, vya namna waliyoipenda mabwana wa siku zile. Akaamuru kikatwe. Dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwako katika siku hizo, lakini mateso yale aliyavumilia yote bila kulia, na alipovunjwa mfupa mara ya pili alikunja ngumi tu. Yote hayo kwa ajili ya viatu!

Mtu huyo huyo, baada ya kugeuzwa moyo na Mungu, baada ya kukaa Manresa katika sala na toba, na baada ya kuhiji Yerusalemu mwaka 1523, alirudi akitambua kwamba hataweza kusaidia roho za watu pasipo elimu. Ndipo alipoanza Kilatini huko Barcelona mwaka 1524. Na hapa twaona ajabu. Yeye ambaye hakutishwa na kisu, alikaribia kushindwa na vitenzi. Kila alipoketi kukariri somo lake, mawazo matamu ya mambo ya Mungu yalimjia kwa wingi, na nuru mpya, na machozi ya ibada, hata asiweze kushika neno la mwalimu. Nani kati yetu angethubutu kuyaita mawazo hayo kishawishi? Mkristo mwingine angalisema: “Mungu ananiita nisali, basi sarufi niiache.” Tena watu wangalimsifu.

Lakini Inyasi alijichunguza kwa utulivu. Akaona kwamba aendapo Misa, au apigapo magoti kusali, mawazo yale hayamjii kwa nguvu namna ile. Humjia saa ya somo tu. Akafahamu kwamba jambo hili halitoki kwa Mungu. Ni adui aliyevaa kanzu nyeupe. Basi akamwomba mwalimu wake waende pamoja katika kanisa la Santa María del Mar, lililokuwa karibu na nyumba yake, wakaketi, akamweleza kila kitu kama kilivyo. Kisha akamwahidi kwamba katika miaka miwili ile hatakosa kumsikiliza, maadamu apata mkate na maji katika mji wa Barcelona vya kumtosha kuishi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba tangu siku ile kishawishi kile hakikurudi tena katika masomo yale.

Twawaomba wasomaji wetu waitazame ahadi hiyo kwa makini, maana imejaa hekima. Kwanza, hakujiahidia mwenyewe kimya kimya. Alimwahidi mtu mwingine, ambaye angemwona akikosa. Wala hakusema “siku zote za maisha yangu”, kama tusemavyo sisi tukiwa na moto wa mwanzo. Alisema miaka miwili. Akaweka na mpaka wa chini kabisa, mkate na maji, ili siku ya njaa asianze kubishana na nafsi yake kama njaa hii ndiyo ile inayotosha kumtoa shuleni au siyo. Hakuahidi kwamba atapenda somo. Aliahidi kuhudhuria. Tena hakungoja moyo upoe, wala upashe. Aliufunga kwa neno lake wakati akili ilikuwa bado inaona.

Hapo ndipo mahali ambapo wengi wetu hukosea. Twadhani kwamba ari ndiyo dereva, na kwamba ikishuka garini, safari imekwisha. Kumbe ari ni abiria. Yapanda na kushuka kama ipendavyo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, Inyasi aliweka kanuni inayojulikana na kila padre aliyeongoza mafungo: wakati wa ukavu na giza la roho mtu asibadili hata kidogo yale aliyoyaazimia alipokuwa katika nuru. Abadili, kama ni lazima, siku nyingine, akiwa ametulia. Fundi mzuri hupima ubao mchana. Giza likimkuta kazini hafuti alama zake, hata kama katika giza lile zaonekana kupinda.

Na moyo uliochoka ni shahidi mbaya sana. Maandiko Matakatifu yatusimulia juu ya wana wa Israeli jangwani. Walipochoka na mana, walilia wakitamani samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Kila tulisomapo jambo hili twashangaa jinsi walivyokumbuka orodha ile yote ya bustani, hata vitunguu saumu, wala hakuna aliyekumbuka matofali. Hakuna aliyemtaja msimamizi na fimbo yake, wala watoto waliotupwa mtoni. Ndivyo alivyo mtu katikati ya njia. Mlevi aliyeacha, jioni ya upweke, hukumbuka wimbo na kicheko cha kilabuni, asikumbuke alfajiri yake aliyolala mtaroni, wala ada ya mtoto iliyoishia mezani kwa mwenye kilabu. Mama wa shule ya jioni hukumbuka jinsi alivyokuwa akipumzika zamani saa kama hii, asikumbuke jinsi alivyosimama mbele ya karani wa benki na kuomba asomewe karatasi yake mwenyewe.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya, kana kwamba twasema kila taabu ni njema na kila anayepunguza mzigo ni mwoga. La, hasha. Inyasi huyo huyo, alipokuwa akisoma Barcelona, aliona afya yake imepata nguvu kidogo, akataka kurudia toba zake za kwanza. Akaanza kutoboa nyayo za viatu vyake, akiyapanua matundu yale kidogo kidogo, hata majira ya baridi yalipofika akawa hana nyayo, ana ngozi ya juu tu. (Twawaza kama mwalimu wake alijua.) Toba alizofanya bila kiasi zilimwachia ugonjwa wa tumbo uliomtesa mpaka uzeeni, na alipokuwa mkuu wa shirika aliwaonya wenzake wasiuharibu mwili, kwa kuwa nao ni wa Mungu. Basi taabu iliyo ndani ya kazi yenyewe, hiyo ichukuliwe. Taabu tunayojiongezea ili tujione mashujaa, hiyo iachwe. Mwanafunzi asiyelala usiku wote kabla ya mtihani hatoi sadaka yo yote. Aharibu mtihani wake. Na mke anayepigwa nyumbani asiambiwe na mtu ye yote kwamba huo ndio msalaba wake wa kuuvumilia. Hilo ni kosa la mwenye fimbo, nalo lina dawa nyingine.

Turudi kwa Inyasi. Njia yake haikunyooka. Baada ya Barcelona alikwenda Alcalá na Salamanca, akasoma mambo mengi kwa pamoja na kwa haraka, akashukiwa na kutiwa kifungoni mara mbili. Alipofika Paris mwezi wa Februari mwaka 1528 aligundua kwamba msingi wake ni dhaifu. Akafanya nini? Alirudia Kilatini tangu mwanzo, na wavulana tena, katika chuo cha Montaigu, naye alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita au saba. Fedha alizopewa za kumtunza alimwekesha Mhispania mwenziwe, naye akazitumia zote, hata ikambidi Inyasi alale katika nyumba ya maskini iliyokuwa mbali na chuo, na wakati wa likizo aende kuomba sadaka mpaka Flanders, na mara moja mpaka Uingereza. Twakiri kwamba tukifika hapa katika habari zake, sisi wenyewe twachoka kwa niaba yake. Kuanza ni jambo moja. Kuanza upya mambo yale yale, huku watu wakikumbuka kwamba ulikwisha kuyaanza, ni jambo jingine.

Hatimaye alihamia chuo cha Sainte-Barbe. Huko akakaa chumba kimoja na vijana wawili, Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Tarehe 15 Agosti mwaka 1534 walikuwa saba waliopanda kilima cha Montmartre kuweka nadhiri. Miaka minane baadaye, mwaka 1542, Ksaveri akiwa njiani kwenda Bara Hindi alishuka Malindi, katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, akamzika huko msafiri mwenziwe, akazungumza na Waislamu wa mji juu ya ibada. Mwalimu wa sarufi wa Barcelona hakuweza kuyajua hayo. Yeye aliona tu mtu mzima mwenye kuchechemea, anayechelewa kukariri.

Sasa twapenda kusema neno na wale ambao hawako katika dawati, yaani sisi wengine. Mara nyingi mwenzetu haachi kwa sababu ya somo. Aacha kwa sababu yetu. Katika Misa, msomaji mtu mzima asitapo katika jina gumu la Waraka kwa Wakolosai, ni nani anayeguna? Sisi wenye kuandika habari hizi tumepata kuguna. Tumepata pia kumwona msomaji wa namna hiyo akishuka mimbarini, na Jumapili zilizofuata hakupanda tena, wala hatukumwuliza sababu. Nyumbani baba akifungua daftari lake la katekisimu, watoto hucheka, na mama hucheka nao, pengine kwa upendo tu. Lakini kesho yake daftari haliko mezani. Mume humwuliza mkewe, “Na umri huu, wataka kuwa nani?” naye hadhani kwamba amesema neno kubwa.

Nchi yetu iliwahi kulifahamu jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu walisoma chini ya miembe, katika makanisa na katika maghala, hali watoto wao wakipita njiani. Walioweza kuvumilia hawakuwa na vichwa vyepesi kuliko wengine. Walikwenda wengi pamoja, na haya ya watu wengi hugawanyika.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mzee mmoja aliyekwenda peke yake. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi mjini Eldoret mwezi wa Januari mwaka 2004, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila ada. Kwa hesabu yake alizaliwa mwaka 1920, basi alikuwa na miaka themanini na minne. Alivaa kaptura ya shule na soksi ndefu kama wengine, akashika fimbo yake, akaketi. Katika shule ile ile walikuwamo wajukuu wake. Alisema kwamba ataka kujua kuhesabu fedha zake, na kuisoma Biblia mwenyewe, maana alikuwa na mashaka kama wahubiri huisoma ilivyo. (Nasi tunaohubiri tulipokee neno hilo kwa unyenyekevu.) Mwaka 2005 alifika New York kuwaeleza wakubwa wa dunia faida ya elimu isiyo na ada.

Lakini sifa hizo si sababu ya kumtaja hapa. Mwishoni mwa mwaka 2007 machafuko yalitokea baada ya uchaguzi, na mali yake ikaibwa. Akajikuta katika kambi ya waliokimbia makwao, yapata kilometa nne kutoka shuleni. Hapo aliwaza kuacha shule. Hatumlaumu kwa kuwaza hivyo. Alikuwa mzee wa miaka themanini na minane, naye amepoteza kila kitu. Aliwaza kuacha, na asubuhi akaenda shuleni. Aliwaza tena, pengine, na akaenda tena. Baadaye mwaka huo wa 2008 alihamishiwa Nairobi katika nyumba ya kuwatunzia wazee, mahali ambapo hakuna mtu angemwuliza habari za masomo. Akaomba shule, akaandikishwa darasa la sita huko Kariobangi.

Jumapili ya tarehe 24 Mei mwaka 2009 alibatizwa katika kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akapewa jina la Stefano. Alikuwa mgonjwa wa saratani. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka ule ule, kabla ya kumaliza shule ya msingi.

Mafundisho ya wakatekumeni yataendelea wiki hii katika parokia na vigango. Wale ambao majina yao hayakuitikiwa, katekista bado anayo katika daftari lake, nao wengi wanakaa nyumba ya pili au ya tatu kutoka kwetu. Yafaa mmoja wetu apite kwao jioni ya siku ya mafundisho, saa moja kabla, awaambie kwamba anakwenda upande ule, na kwamba njia ni moja.